Uzi wa Buluu Ndani ya Sombe

Kila Ijumaa alasiri, majani ya muhogo ya kupikia sombe yalipofika kwa ndege na kushushwa dukani kwa Kadiri, Mama Nabintu alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, mfuko wake umekunjwa mara nne ndani ya mkoba. Alitaka kuchagua mwenyewe. Hakupenda yale majani yaliyosagwa kwa mashine na kugandishwa kwenye paketi, yanayofanana na udongo wa bustani. Alifungua fungu moja moja, akageuza majani upande wa chini, akayanusa, akavunja bua kuona kama bado linatoa maziwa. Kadiri, mtu wa Uvira aliyekwisha kumzoea, alimwacha afanye anavyotaka, hata kama wateja waliokuwa nyuma yake walikuwa wanashusha pumzi na kutazama saa.

“Maman, leo unakamata mafungu ngapi?”

“Sita. Bajukuu bangu banakula, sitakudanganya. Banalambaka mpaka sahani.”

Miaka mitatu nyuma yalikuwa mafungu mawili.

Jumamosi asubuhi alitwanga. Aliishi Anderlecht, huko Ubelgiji, ghorofa ya nne, katika jengo la wapangaji wengi ambapo kila mtu anasikia maji ya mwenzake. Chini yake alikaa madamu mmoja mzee mwenye mbwa mdogo mweupe, naye mara ya kwanza kusikia kinu aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio mpaka taa ya Mama Nabintu ikacheza. Basi Mama Nabintu alinunua zulia, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya kinu. Hakuanza kabla ya saa nne. Alitwanga kidogo, akapumzika, akatwanga tena, kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole nyumbani kwake mwenyewe. Kazi ya saa moja ikawa ya saa tatu. Hakunung’unika. Alisema moyoni kwamba watoto watakula, na madamu atalala, na kila mtu atapata chake.

Kisha akachemsha majani bila kifuniko, mpaka ule uchungu uondoke na mvuke. Akatia vitunguu, majani marefu ya kitunguu cha poro, biringanya mbili zilizomenywa nusu, poivron au hoho ya kijani, na mawese yaliyopashwa moto kidogo tu, yasigeuke rangi. Sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwa la kwao, aliwakaanga bila mafuta kwanza, ndipo akawatwanga na kuwanyunyiza mwishoni. Wengine huwatia hivyo hivyo, na sombe ikabaki na harufu ya gunia. Yeye hapana.

Na pilipili. Pilipili moja nzima, ya njano, isiyopasuliwa. Aliifunga kikonyo kwa uzi, mafundo mawili pamoja na la tatu juu yake, halafu ncha ya pili ya uzi akaifunga kwenye mkono wa sufuria. Hivyo pilipili iliogelea mle ndani ikitoa harufu yake yote, bila kuunguza mdomo wa mtoto, na wakati wa kupakua mtu anavuta uzi na kuitoa. Uzi wenyewe ulikuwa wa buluu. Ulibaki kwenye kopo lake la kushonea tangu aliposhona nguo ya kwaya ya Élodie, mjukuu wake mkubwa. Mara nyingi alimwambia Marie-Claire, binti yake, kwenye simu: “Uvute ile uzi mbele ya kupatia batoto, unasikia? Usisahabu.” Na Marie-Claire alijibu: “Ndiyo, Maman. Nilivuta, Maman.”

Jumamosi saa kumi na moja, Tharcisse alikuja na gari kuchukua sufuria. Tharcisse alikuwa mume wa Marie-Claire, mwenye mkahawa huko Saint-Josse. Alisimama mlangoni, macho chini, akapokea sufuria kwa mikono miwili, akasema asante na kushuka ngazi. Hakuingia. Wala mama mkwe hakumwambia aingie ale. Kwao, huko milimani nyuma ya Bukavu, mama mkwe na mkwe hawafungui vinywa pamoja. Mama hali kwa mkwewe, hata maji anakunywa akiwa amegeuka pembeni, mpaka siku mkwe atakapokuja na wazee wake, na mbuzi, na kitenge, aombe rasmi. Mama mzazi wa Mama Nabintu alikufa hajawahi kula kwa mume wa binti yake hata ndizi moja. Kwa hiyo alipokwenda kuwaona wajukuu nyumbani kwao kule Laeken, Mama Nabintu alikaa kitako na koti lake, akawabusu, akaondoka kabla ya sahani kuguswa. Na huko mkahawani hakukanyaga. Mahali pa mkwe ni pa mkwe, hata pawe na meza kumi na mbili na watu wa barabarani wanaingia.

Kwa sababu hiyo sufuria ndiyo ilikwenda kwa niaba yake. Ilikula nao pale alipokuwa hawezi kukaa. Jumatatu ilirudi imeoshwa, ndani yake machungwa manne, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kila Jumatatu Mama Nabintu aliyatazama yale machungwa akisema, huyu kijana amelelewa.

Mwaka wa kwanza ulipoisha Tharcisse alisema pale mlangoni, bado macho chini: “Maman, kama unaweza kuongeza kidogo. Batoto banapenda sana.” Mama Nabintu akanunua sufuria kubwa zaidi. Mwaka wa pili akanunua nyingine, ya lita kumi na tano, aina ya zile za sherehe. Akaichora N kwa msumari kando ya mkono. Mgongo ulimuuma Jumapili nzima, akajipaka dawa, akaenda kanisani.

Mwezi wa pili mwaka huu ndipo Tharcisse alipokuja na wazee wake wawili. Mbuzi hakuja na miguu yake. Alikuja amekatwakatwa na mchinjaji wa Anderlecht, ndani ya sanduku la barafu la kwendea pikniki, na mzee mmoja akaomba radhi kwa niaba ya serikali ya Ubelgiji. Watu wakacheka. Kitenge kilikuwa kizuri, cha kijani na ndege wa njano. Tharcisse alipiga goti kwenye lile zulia la kinu, akaomba mama mkwe afungue kinywa nyumbani kwake. Mama Nabintu alilia kidogo. Alikuwa anafikiri neno moja tu: sasa nitakaa meza moja na Élodie na mdogo wake Océane, niwaone wakila.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Nje mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Alivaa gauni lake la buluu nzito, akajifunga kile kitenge juu yake, akaingia mkahawani kwa mkwewe kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka sabini na moja.

Palikuwa mahali padogo, pa moto, pamejaa. Zamani palikuwa kwa fundi viatu. Kulikuwa na kioo kirefu ukutani, maua ya plastiki, na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki. Mama Nabintu alisoma ubao pole pole, kama alivyofundishwa shuleni, mdomo ukienda pamoja na macho. Kuku. Makayabu, yule samaki wa chumvi. Sambaza. Na chini kabisa, kwa chaki nyekundu: Sombe de Koko, yaani sombe ya bibi.

“Ile Koko ni mimi?” aliuliza.

“Ni wewe, Maman,” Marie-Claire alisema haraka. “Ikaa. Ikaa hapa, kiti iko na mto.”

Akakaa, moyo umejaa. Alidhani wameandika siku ile ile, kwa heshima yake.

Tharcisse mwenyewe, na shati jeupe, alileta sahani kwa mikono miwili: ugali ulioviringwa vizuri, kuku, na sombe. Akainama. “Maman, leo kinywa kifunguke.” Watu wa meza za jirani wakageuka kumtazama bibi. Akaomba, akamega, akachovya, akala.

Sombe ilikuwa nzuri. Chumvi imezidi kidogo, kama kitu kilichopashwa moto mara mbili, lakini majani yalikuwa yametwangwa kwa kinu, aliyasikia ulimini, na sambaza walikuwa wamekaangwa kwanza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Nani anapikaka hapa?”

“Bienaimé,” Marie-Claire alisema. “Muntu wa Kamanyola.”

“Mama yake alimufundisha muzuri. Utamwambia.”

Marie-Claire alikuwa anatafuta kitu katika simu yake. Mama Nabintu hakumsumbua. Binti yule alikuwa anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, macho yalikuwa yamezungukwa na weusi. Akawageukia wajukuu. Élodie, miaka kumi na miwili, alikuwa na kuku na chipsi. Océane, miaka saba, chipsi tupu na mayonezi. Bibi akachota sombe kijiko kimoja, akakiweka kando ya chipsi za mdogo, akangoja kwa furaha.

Océane akavuta sahani nyuma. “Koko, c’est quoi, ça?”

“Unaniuliza? Ni sombe.”

“C’est quoi, sombe?”

Bibi akacheka. Mtoto anatania, alifikiri. “Ile yenye nakutumiaka kila samedi, kila Jumamosi, wewe mujanja. Yenye unalambaka sahani.”

Océane akamtazama dada yake. Élodie akaacha kutafuna.

“Samedi tunakulaka pizza, Koko,” alisema taratibu, kama anayemkumbusha mtu jambo analolijua. “Papa analeta pizza.”

“Élodie, kula,” Marie-Claire alisema.

“Mais c’est vrai, Maman, ni kweli.”

“Nimesema kula.”

Kijiko cha Mama Nabintu kilikuwa hewani, akakishusha. Alichota tena kidogo, zaidi kwa kuipa mikono kazi, na kitu kikamkwama katika meno. Akakivuta pole pole kwa vidole viwili. Kikaja, kikaja, kirefu kama kidole, kimelowa mawese. Akakifuta kwa kitambaa cha karatasi.

Kilikuwa uzi wa buluu. Mafundo mawili, na la tatu juu yake. Na kando ya ugali, imejificha ndani ya majani, pilipili ya njano iliyonyauka, nzima, haijapasuka.

Aliunyoosha ule uzi juu ya ukingo wa sahani. Aliunyoosha vizuri, kama anayeandaa kushona. Kitu kilianza kupanda kutoka tumboni, cha moto na kizito, na hakukitambua mara moja, kwa kuwa miaka mingi hakikuwa kimemtembelea. Alipowazika watu wake alilia. Alipokimbia vita aliogopa. Alipofika Ubelgiji na kungoja karatasi miaka sita alivumilia. Lakini hii ilikuwa hasira, na ilipofika kifuani ilikaa kama mwenye nyumba.

Tharcisse akaja akitabasamu, akipangusa mikono. “Maman, iko bien?”

“Tharcisse. Hii uzi ni ya nani?”

Akainama kutazama. Alidhani ni unywele. “Oh, pardon, Maman, pardon. Nitaita Bienaimé, bon, atabadilisha sahani.”

“Usimwite. Miguu niko nayo.”

Akasimama. Tharcisse aliinua mkono nusu, lakini nani atamgusa mama mkwe mbele ya watu? Akabaki na mkono wake hewani. Mama Nabintu alipita katikati ya meza, akasukuma mlango wa jikoni kwa bega.

Jikoni palikuwa na kijana mnene mwenye kofia ya karatasi, anageuza kuku. Na kwenye jiko la nyuma, juu ya moto mdogo, sufuria ya lita kumi na tano. Hakuhitaji kuikaribia. Aliijua kama mtu anavyojua mgongo wa mwanawe katika umati. Bado alikaribia. N ilikuwepo kando ya mkono. Na kwenye mkono wenyewe, kipande cha uzi wa buluu, kimekatika, ncha yake imeungua.

“Maman, hapa wateja habaingiake,” kijana alisema kwa adabu.

“Wewe njo Bienaimé?”

“Ndiyo, Maman.”

“Hii sombe unapikaka wewe?”

Bienaimé akacheka. “Hapana, Maman. Kuku ni mimi, makayabu ni mimi. Sombe mimi napashaka moto tu. Inatokaka kwa koko mumoja, iko Anderlecht.” Kisha akamtazama vizuri, kitenge kipya, umri wake, na uso wake mzima ukafunguka. “Attends, ngoja. Njo wewe, Koko? Maman, bantu banatokaka mpaka Liège ju ya mukono yako. Miaka tatu, kila dimanche, kila Jumapili, na mimi sikukuonaka hata siku moja. Nilisemaka, huyu mama, siku nitamuona nitamushika mikono.”

Na kweli akapangusa mikono, akamshika yake miwili. Alikuwa mtu mwema, hakujua. Wema ule ulimchoma kuliko uongo wote.

Mlango ukafunguka nyuma yake. Tharcisse aliingia, Marie-Claire naye nyuma, analia kabla hajaulizwa.

“Maman, bon, nitakueleza,” Tharcisse alisema. “Tuliteseka. Mupishi wa kwanza alituachaka, dimanche, salle imejaa bantu, na mimi nilikuwa na sufuria yako katika gari. Nilitoa sahani moja tu. Muntu mumoja akaonja, akaita bengine. Donc... ilikuwa siku moja, Maman.”

“Siku moja iko na basamedi ngapi ndani?”

Tharcisse akatazama ile N kwenye sufuria.

“Uliniambia niongeze. Ulikamata sufuria, ukasema batoto banapenda. Nilinunua sufuria munene. Mugongo yangu hii, Tharcisse, unaiona? Mimi nilitwanga pole pole ju madamu wa chini asikasirike. Masaa tatu. Nilifunga pilipili na uzi. Unajua ju ya nini nilifunga pilipili?”

“Maman, nitakulipa. Nitapiga hesabu, kila kitu, nakuapia...”

“Nyamaza.” Hakupandisha sauti, na Bienaimé akazima jiko la kuku bila kuambiwa. “Kama ulikuja kuniomba, Maman nisaidie, duka inakufa, ningekatala? Ningekuja kupika hapa na mikono yangu, ningeosha na sahani. Haukuniomba. Uliniambia batoto.”

Akamgeukia binti yake. Huyu ndiye aliyekuwa mgumu kumtazama.

“Na wewe. ‘Nilivuta uzi, Maman.’”

“Batoto ba hapa habakulake majani, Maman,” Marie-Claire alisema katika machozi. “Bananunaka. Mimi natoka kazi nimechoka, sina nguvu ya kubishana na bo.”

“Ulibapatia?”

“Maman...”

“Nakuuliza kitu kidogo. Siku moja, kijiko moja. Ulibapatia?”

Marie-Claire alifunika uso. Katika ile miaka mitatu, Océane alikuwa ametoka minne na kufika saba. Huo ndio umri ulimi wa mtoto unajifunza nyumbani ni wapi. Mama Nabintu alikuwa ameujaza umri ule kwa vijiko, alidhani, Jumamosi baada ya Jumamosi, na vile vijiko vilikuwa vimekwenda katika vinywa vya watu asiowajua.

Akachukua vitambaa viwili vya jikoni, akashika sufuria mikono yote miwili.

“Iko nzito, Maman, acha,” Tharcisse alisema.

“Uzito yake mimi njo naijua.”

Bienaimé alimfungulia mlango.

Akaitua juu ya meza ya kwanza, mbele ya familia ya watu wanne waliotoka kanisani, akachota upawa mzima, akaujaza katika sahani ya baba. Akaenda meza ya pili. Akaenda ya tatu. “Kuleni,” alisema. “Hii ni sombe yangu, nilipikia bajukuu. Musilipe. Muntu akiwaletea karatasi ya kulipa sombe, mumuambie mwenye sombe alikatala.” Wengine walidhani ni sherehe, wakapiga makofi. Mzee mmoja wa Lubumbashi akamwita maman na kumbariki. Mwanamke mmoja akaacha kula, akamtazama usoni, akaelewa kitu, akainamisha kichwa. Mama Nabintu alipakua vile vile, meza kwa meza, bila haraka, hakumwaga tone, kama anavyopakua msibani. Tharcisse alikuwa amesimama karibu na kioo, kwa hiyo kulikuwa na akina Tharcisse wawili, na wote wawili hawakujua waweke wapi mikono.

Sufuria ilipobaki chuma tupu, akaenda kwenye ubao. Akashika pindo la kile kitenge cha kijani, akafuta. Alianza na Koko, akafuta na Sombe, akasugua mpaka chaki nyekundu ikabaki wingu. Halafu akakifungua kitenge kiunoni, akakikunja mara nne, chaki ndani, akakiweka juu ya kiti chenye mto.

“Mbuzi tulikwisha kukula, sitaweza kumurudisha,” alisema. “Lakini kitenge yako ile. Kinywa nimefunga.”

“Maman, usifanye vile,” Tharcisse alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli. Anayerudishiwa kitenge, wazee wake watasema nini? “Maman, mbele ya bantu.”

“Mbele ya bantu njo uliuzisha.” Akashika sufuria tupu kwa mkono mmoja, akawapa watoto wa pili. “Élodie, beba makoti. Tunaenda.”

“Tunaenda wapi, Koko?”

“Kwangu.”

Marie-Claire alifanya hatua moja. “Nakuja na ninyi.”

“Baki. Kuko masahani mingi ya kuosha.”

Walipanda metro, wakabadilisha kituo, wakashika treni ya njia ya tano. Sufuria tupu ilikaa mapajani mwa bibi, na watu wakaikwepa. Élodie alikaa ukingoni mwa kiti, alikuwa mkubwa kutosha kuogopa. Océane alitia kichwa ndani ya sufuria, akasema “Allô”, akasikiliza sauti yake ikirudi. Akasema tena. Mama Nabintu alitazama dirisha jeusi na hasira haikupungua. Alingoja ipungue, kama alivyozoea, kituo hadi kituo. Haikupungua.

Nyumbani, juu ya friji, machungwa ya Jumatatu yalikuwa bado mawili. Alifungua pipa, akayatia. Kisha akayatoa, akayafuta, akayarudisha, kwa sababu chungwa halikukosa kitu. Ndani ya friji lilikuwamo fungu moja la majani, alilojiwekea kwa ajili yake mwenyewe katikati ya wiki. Akalitoa.

Akakivuta kinu katikati ya sebule. Zulia lilikuwa pale pale, limekunjwa mara nne. Alilitazama, akalisogeza kwa mguu mpaka chini ya kiti. Akatua kinu juu ya sakafu tupu.

“Océane, njoo. Shika hapa, na mikono mbili. Kisicheze.”

“C’est pour faire quoi?”

“Sombe.”

“Ile ya resto?”

“Haiko ya resto. Ni yako. Utaionja, na kama haupendi utaniambia wewe mwenyewe, na mudomo yako.”

Akainua mchi, akautua. Vyombo vya kabatini vikalia. Océane akashtuka, akacheka, akashika kwa nguvu zaidi. Mara ya tano tu, ufagio ukagonga chini: to, to, to. Mara ya kwanza katika miaka yote ile, Mama Nabintu hakusimama. Alitwanga ya sita, ya saba, ya nane, kila moja na uzito wake wote, na Élodie akavua koti, akasogea karibu, akaanza kuchambua mabua bila kuambiwa.

“Inachukua muda gani?” Élodie aliuliza.

“Mpaka ilainike. Tukitwanga hivi, si mrefu sana. Halafu moto, masaa mbili.”

“Niko na njaa,” Océane alisema.

“Na mimi.”

Kengele ya mlango wa chini ikalia. Élodie alitazama kisimu cha mlango kilichokuwa ukutani. Kengele ikalia tena, ndefu, halafu sauti ya Tharcisse ikatoka imebanwa kwenye matundu madogo: “Maman? Maman, ni mimi. Niko na Marie-Claire. Fungua, s’il te plaît.”

Chini, madamu akagonga. Ukutani, kengele ikalia. Mama Nabintu alipangusa paji la uso kwa mkono, akaangalia ndani ya kinu. Majani yalikuwa yameanza kutoa maji.

“Koko, nifungue?”

“Bado,” alisema. “Shikeni kinu.”